Wahakiki wa nakala za awali, mkichelewa semeni! Kimya chenu kinatuumiza

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo rohoni miezi minne, leo nalitoa.

Mwezi wa tatu nilitangaza kwamba riwaya yangu imekamilika na natafuta watu 20 wa kuisoma kabla haijachapwa, kisha waandike uhakiki. Walijitokeza zaidi ya 40, nikachagua. Kila mmoja nilimwandikia peke yake: kitabu kina kurasa 212, una wiki sita, mwisho ni 30 Aprili, utaweza? Wote 20 wakajibu ndiyo. Wanane wakasema kusoma PDF kwenye simu kunawaumiza macho, wanataka karatasi. Nikadurufu, nikafunga spairo kwa hela yangu. Za Mwanza na Mbeya nilizipeleka mwenyewe stendi ya Magufuli, Mbezi, zikapanda basi.

Ikafika 30 Aprili. Nina uhakiki wa watu wanne.

Nikatuma ujumbe, tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Nikapiga. Mmoja alipokea, akasema yuko kikaoni atanipigia. Hajanipigia mpaka leo.

Ile tarehe sikuiokota njiani! Mchapaji alinipa zamu ya mashine tarehe 6 Mei, na jalada la nyuma lilikuwa na nafasi ya maneno ya wasomaji. Niliwatumaini watu wawili kwa nafasi hiyo, wakaniambia kabisa "hilo niachie mimi". Nikambembeleza mchapaji siku tatu. Siku ya nne mashine ikapewa kazi ya mtu mwingine, nami nikasogezwa wiki tatu mbele. Ukumbi wa uzinduzi nilishalipia nusu. Hiyo nusu haikurudi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua kuna mtu ataniambia watu wana majukumu. Kuchelewa sina ugomvi nako. Kuna dada mmoja wa Mwanza aliniandikia tarehe 18 Aprili: "Kaka, mama amelazwa, sitawahi. Nimefika ukurasa wa 90. Niongezee hadi 15 Mei, au niambie nimpe nani hii nakala." Basi. Nilimwongezea, nikamtoa kwenye hesabu ya jalada, maisha yakaendelea. Uhakiki wake ulikuja tarehe 13, na amenichana kuliko wote. Namheshimu sana yule dada.

Kilichonichoma zaidi ni kijana niliyekutana naye uso kwa uso mwezi wa saba, kitabu kikiwa tayari madukani. Akanikiri kwamba aliishia sura ya pili, ilimchosha, akaogopa kuniumiza. Jamani! Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta kwa watu wote 20! Mwezi wa nne sura ile ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, ningeikata usiku uleule. Leo imechapwa, nakala 500, na kila anayeinunua anachoka palepale alipochoka yeye. Nakala ya awali hutolewa mapema kwa sababu hiyo hasa. Ukishindwa kuimaliza, kule kushindwa kwako ni maoni. Niambie umeishia ukurasa gani na kwa nini, hata kwa mistari miwili.

Mimi mwenyewe nahakiki vitabu vya nje kupitia NetGalley, tovuti ambako wachapishaji huwapa wahakiki nakala za awali. Pale ukiomba kitabu, mchapishaji anaona umeshapewa vingapi na umerudisha maoni ya vingapi, na wanashauri ufikishe asilimia 80. Kikikushinda, kuna mahali pa kumwambia mchapishaji kwamba hutakihakiki. Hapa kwetu hakuna mfumo wa kukuhesabu, kuna mwandishi na simu yake tu, ndiyo maana mtu anaona ni sawa kupotea.

Na aliyepitiwa na tarehe, asijifiche kwa aibu. Uhakiki wa mwezi wa tano ungenifaa. Wa leo unanifaa pia, maana kitabu kiko sokoni na watu wanauliza kikoje.

Kama wewe ni mmoja wa wale 15 na unasoma hapa, niandikie leo. Hata kama hukufungua ukurasa wa kwanza, niandikie hivyohivyo. Namba yangu unayo.