Tupeane uzoefu: mfumo endeshi huria uliotulia kwa kompyuta ya mezani

Mleta mada: Wakuu, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za nyumbani Windows 11 inazikataa. Wenye kuzijua Linux, familia ya mifumo endeshi huria, mwageni hapa: upi umetulia, na unagoma wapi?

Kitako: Linux Mint 22. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na masasisho yake yanafika Aprili 2029. Rami (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 chukua Mint yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini. GB 8 kwenda juu weka Cinnamon, mwonekano mzito zaidi. Ila kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, nunua kwanza SSD (diski isiyozunguka) hata ya GB 120, halafu ndiyo mje kubishana. Na kabla ya kuchoma flashi, pima faili la usakinishaji ulilopakua (ISO) kwa `sha256sum`, amri inayotoa namba ya kulinganisha na ile ya tovuti yao. Bando likikatika katikati unapata ISO pungufu, usakinishaji unafia njiani, lawama anabebeshwa Linux.

Mzee wa Terminali: Ukitaka utulivu wenyewe, Debian, nayo ni Linux. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025: miaka mitatu ya msaada kamili, miwili ya nyongeza. Programu haziparamii matoleo mapya, zinaingia viraka tu. Anayependa vitu vipya atachoka mapema, asije kulia hapa.

Kuna mahali wageni wengi wanaangukia. Kisakinishi kikiuliza nywila ya root (akaunti kuu ya msimamizi), acha wazi. Ukiijaza, jina lako haliingizwi kwenye sudo (kundi la wanaoruhusiwa kutoa amri za msimamizi), na kila amri ya aina hiyo unaambiwa huna ruhusa. Ukiwa umeshajaza: `su -`, kisha `adduser jinalako sudo`, toka uingie upya. Tena, ukisakinisha kwa DVD, `apt` (amri ya kusakinisha programu) itakudai hiyo DVD kila mara, fungua `/etc/apt/sources.list`, weka # mbele ya mstari wa cdrom. Prosesa za biti 32 (za kompyuta za zamani) hazina kisakinishi kwenye Debian 13 tena.

Bi Saa Sita: Mnaoweka Windows na Linux pamoja: ukirudi Windows saa iko nyuma kwa saa tatu. Linux huandika saa ya ubao mama kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), Windows huisoma kama saa ya hapa. Dawa, upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`. Patisheni (sehemu ya diski) ya Windows ikifunguka ndani ya Linux kwa kusoma tu, ni kwa sababu Windows haikuzimika kabisa. Ingia humo kama msimamizi, andika `powercfg /h off`.

Mleta mada: Na umeme ukikatika katikati ya sasisho?

Kitako: Faili za ext4 (mpangilio wa kawaida wa diski kwenye Linux) mara nyingi zinapona. Vifurushi ndivyo vinabaki nusunusu: `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`. Timeshift (programu ya kuhifadhi nakala za mfumo) iwashe siku ya kwanza, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi nyaraka na picha zako. Hizo zinakilie kwenye diski ya nje.