Wanafunzi wa uhandisi wa viwanda: tatizo gani ulilimaliza kwa mikono yako? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nipo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo na uzalishaji, na muda wa kwenda PT, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, umekaribia. Darasani hesabu tunapiga za kutosha, ila visa vya karakanani hatusimuliwi. Mwenye chake akiweke hapa: mashine gani, ilisumbua nini, chanzo ulikijuaje, na sasa unataka kufika wapi. Naanza.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mjomba, ana mashine ya kusaga. Mkanda ulikuwa unaungua. Ananunua mpya, unavuta vizuri siku chache, kisha unaanza kulia na kuteleza, harufu ya mpira inajaa banda zima. Kila fundi aliyepita alisema mikanda ya siku hizi ni feki. Nikazima mota, nikatoa mkanda, nikamulika mfereji wa puli, lile gurudumu linalobeba mkanda, kwa tochi ya simu. Chini kabisa palikuwa panang'aa.

Mkanda wa V haupaswi kugusa chini. Unajibana kwenye kuta mbili za mfereji, na msuguano wa hizo kuta ndio unaobeba mzigo. Kuta zikilika, mkanda unazama, unakosa pa kujibana, unateleza, unapata joto. Ukifunga mkanda mpya kwenye puli iliyokwisha, nao utakufa vilevile. Nikavuta uzi kutoka puli ya mota hadi ya kinu, nikaona hata mstari mmoja hazipo. Tukalegeza bolti za mota, tukaisogeza. Puli ikapelekwa mjini kuchongwa mpya, na mjomba akapumzika kununua mikanda.

Ndoto yangu imetoka hapo. Nataka karakana ya vipuri vya mashine za nafaka: puli, shafti, nyundo za ndani ya kinu, chekeche. Mtu anunue puli leo na nyingine mwakani, zote ziingie kwenye shafti ileile bila kupigwa tupa.

Mkereza vyuma

Dogo, umeona vizuri. Niongeze kitu ambacho wachongaji wengi hawakizingatii. Mkanda wenyewe una pembe ya nyuzi 40, lakini mfereji hauchongwi 40. Mkanda ukijikunja kwenye puli ndogo, upande wake wa ndani unabanwa na kutanuka, hivyo pembe inapungua. Puli ndogo hupewa nyuzi 34, kubwa 38. Mwombe fundi akuoneshe alivyotega kisu chake. Akikwambia anakadiria kwa macho, beba puli yako uende kwa mwingine.

Kuhusu nyundo, wengi tunakata springi za malori. Ni chuma kizuri, ila hakikisha kwanza kwamba ndicho. Kigusishe kwenye grenda uangalie cheche. Chuma laini kinarusha mistari mirefu yenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi kinapasukapasuka vinyota. Kasti, yaani chuma cha kumimina, cheche zake ni fupi, nyekundu. Mwanafunzi akija kwangu, hilo ndilo somo la kwanza, kabla hajashika leth, mashine ya kukereza.

Dada wa matengenezo

Mimi PT nilifanya kwenye kiwanda cha biskuti, sitakitaja. Mashine ya kufungasha ilikuwa inakata karatasi katikati ya maandishi badala ya kwenye alama. Mafundi walikuwa wanarekebisha sensa, kile kifaa kinachosoma alama, inatulia, kesho yake inarudia. Nikachukua daftari, nikawa naandika saa kila inapoanza kukosea. Baada ya muda ikaonekana wazi kwamba asubuhi haina shida kabisa. Ni alasiri tu, na siku za mawingu inapona yenyewe!

Nikasimama pale saa tisa mchana nikitazama. Bati moja la plastiki juu ya paa lilikuwa linaingiza jua, na mwanga ukitua moja kwa moja kwenye jicho la sensa, halioni tena tofauti ya alama nyeusi na karatasi. Nikakinga kwa boksi. Ikakata sawasawa. Msimamizi akaagiza kikinga cha bati, nikakichora na kukikunja mwenyewe.

Wadogo zangu wa kike, msikubali kuwekwa ofisini kujaza fomu muda wote wa PT. Ombeni kushuka chini kwenye mashine. Mimi sasa nalenga kusimamia laini nzima ya uzalishaji, na nitafika.

Mdau wa Nairobi

Hamjambo majirani. Atachimenti yangu, ndiyo PT yenu, ilikuwa kwa karakana ndogo ya jua kali, mafundi wadogo wa mtaani, inayopeleka majiko soko la Kamukunji. Mafundi wana mikono ya ajabu, lakini kila jiko lilikuwa na mlango wake: ukichukua mlango wa hili, haufungi lile. Nikatengeneza jigi, kishikizo cha kupanga vipande, ya vyuma vya pembe; bawaba na kitasa vinakaa mahali pamoja kila mara wakati wa kuchomelea. Wazee walinitazama tu, kisha wakaniomba ya pili.

Nafikiria sana Nyayo Pioneer, magari yaliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi na kuzinduliwa 1990. Magari yalitembea. Kilichokosekana ni kuyazalisha kwa wingi. Kuunda kimoja kinachofanya kazi tunaweza tangu zamani. Mimi nataka kutengeneza dai na moldi, yaani vibao na kalibu za kutolea umbo, kwa sababu ndizo zinazozaa vitu elfu vinavyofanana, na nyingi bado tunaagiza nje.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, na kaka wa Nairobi, hiyo jigi naomba mchoro. Mzee Mkereza, nikitaka kumimina puli za kasti kutoka blok za injini mbovu, kielelezo cha mbao, kile cha kuacha umbo kwenye mchanga, nikiongeze kiasi gani?

Mkereza vyuma

Kasti hunywea karibu asilimia moja ikipoa. Puli ya milimita 200, ongeza 2 za kunywea, halafu weka nyama ya kuchonga, yaani unene wa ziada utakaokerezwa, milimita 3 kila upande. Kielelezo kiwe na mteremko kidogo pembeni kitoke bila kubomoa mchanga. Na usimimine kwenye mchanga wenye maji mengi, mvuke utakurushia chuma. Ukifika PT nitafute, tutamimina ya kwanza pamoja.