Sosi ya Teriyaki kwa Nguru wa Shangazi

Shangazi Mwanaidi: Assalamu alaikum, wanangu. Maryamu, wewe uliyeko Yokohama, Japani, nieleze namna ya kupika ile sosi ya teriyaki, maana jana nilimpaka nguru, ikaungua na kuwa chungu ilhali samaki bado mbichi ndani.

Maryamu: Waalaikumu salaam, Shangazi, shikamoo. Ilikosewa zamu ya kuitia, kwa sababu sukari huungua upesi kuliko samaki anavyoiva. Huku humkaanga samaki kwanza kwa mafuta kidogo mpaka akaribie kuiva, hupangusa mafuta yaliyobaki kikaangoni, ndipo humimina sosi na kumgeuzageuza humo kwa dakika mbili hivi. Jina lenyewe linaeleza: "teri" ni mng'ao, na "yaki" ni kuchoma au kubanika. Mng'ao huo huja mwishoni, sosi inapopungua maji na kumganda samaki.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa.

Kaka Salim: Mimi nasumbuliwa na ile mirin inayotiwa kwenye sosi hiyo. Nasikia ni pombe, na wengine husema ikichemka huisha.

Maryamu: Ni pombe ya mchele, Kaka. Mirin halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi, na kuchemsha hakukiondoi chote, kwa hiyo nyumbani kwangu haiingii, wala sake, pombe nyingine ya mchele, haiingii. Mimi huchanganya vijiko 4 vya chakula vya sosi ya soya, vijiko 4 vya maji, vijiko 2 vya sukari, kijiko 1 cha asali na kijiko kimoja cha chai cha siki ya mchele. Asali ndiyo inayoshika nafasi ya utamu mzito wa mirin. Sosi ya soya nayo huchachushwa kwa soya, ngano na chumvi, hivyo inaweza kuwa na kilevi kidogo. Tafuta chupa yenye alama ya halali, na usiongeze chumvi hata chembe.

Bi Zuhura: Mbona mapishi niliyopewa yana tangawizi, kitunguu thomu na konfulawa?

Maryamu: Hayo yana asili ya ng'ambo ya bahari, Bi Zuhura, kwa Wajapani waliohamia Hawaii na Marekani. Mjini Seattle, kwa mfano, Toshi Kasahara alifungua mgahawa wake wa teriyaki mwaka 1976, na kuku wa namna hiyo akawa chakula cha mji mzima. Kwa kuku sina neno. Kwa nguru mbichi wa Tanga, nakuombeni sana mviache, kwani kitunguu thomu humfunika samaki, na konfulawa huleta uzito usio na mng'ao ule.

Shangazi Mwanaidi: Nitajuaje kwamba imefika?

Maryamu: Mapovu madogo yatakuwa makubwa na mazito, na ukipitisha mwiko, njia yake itaonekana kidogo kabla ya kujifunga. Epua hapo hapo, hata ukiiona bado nyepesi, maana ikipoa huzidi kuwa nzito.

Shangazi Mwanaidi: Nimeepua sasa hivi. Ngozi inang'aa na nyama haikukauka, ila kwa ajili ya baba yenu nimepunguza sukari nusu kijiko. Salim, vipande vyako viwili nimevifunika mezani, uje kabla ya magharibi.