Maua gani yanakubali kivuli cha Dar? Chini ya mwembe hapaoti kitu

bint_tabata:
Wakuu habari za majukumu. Nipo Tabata, uwanja wangu mdogo tu ila una mwembe mkubwa na mwenye nyumba kashasema usiguswe hata tawi. Chini yake ukoka umekuwa wa njano ukaisha wenyewe, pamebaki vumbi tupu, mvua ikinyesha ni tope mpaka barazani. Halafu kuna kichochoro kati ya nyumba na ukuta wa fensi, upande wa kusini, nacho tangu nihamie mwezi wa tano sijaona jua likifika. Dada yangu yuko Arusha, kwake kivulini kumejaa haidrenjia na impashensi yaani pazuri mno, nataka nikabebe miche. Itakubali huku? Na msiniambie pevingi, hili joto linatosha.

mzee_wa_vitalu:
Haidrenjia iache huko huko Arusha binti yangu. Kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku panapoa, sisi pwani hata saa nane usiku unatoka jasho, itakupa majani ya kukutia moyo kidogo halafu inaanza kunyong'onyea na maua usiyaone. Watu wakiambiwa mmea fulani unapenda kivuli wanabeba tu hawaulizi kivuli cha wapi. Kivuli cha Lushoto kina baridi na unyevunyevu, cha Dar kina joto, na hicho cha chini ya mwembe wako kina joto na tena ni kikavu, maana mvua ndogo inaishia kwenye majani huko juu na ile inayopenya inagombewa na mizizi ya mwembe. Ukoka wako kwanza umekosa jua, kiu imekuja kuumalizia. Impashensi inaweza kukubali ila ni ya kumwagiliwa kila siku, ukisafiri wikiendi unaikuta imelala chini.

Hapo weka sneki planti na ZZ. ZZ watu wanainunua kwa bei ya ajabu kwenye vyungu vya maofisini wakidhani imetoka Ulaya, kumbe asili yake ni misitu ya huku huku Afrika Mashariki kushuka mpaka Afrika Kusini, ina viazi chini vinavyotunza maji, kiangazi haiogopi. Ukitaka kuiua imwagilie sana. Kati kati tambaza mani planti na ile yenye majani ya kijani juu zambarau chini, zinafunika udongo, tope linapungua. Nyasi ukizitaka kwa lazima tafuta zile pana za Pemba, zinavumilia kivuli kuliko ukoka, ila pale penye giza kabisa hata zenyewe zinakonda.

Usikate mizizi minene kutafuta nafasi na usirundike udongo kwenye shina, mwembe utaoza na mwenye nyumba atakufukuza. Chimba vishimo vidogo kati ya mizizi, samadi iliyooza, panda mvua zikianza.

juakali_255:
Mzee kamaliza ila kichochoro mmekisahau. Dada umehamia mwezi wa tano, kipindi hicho jua linapita upande wa kaskazini ndio maana nyumba inakufunikia. Dar kwenye tarehe 10 Oktoba hivi jua la saa sita linakuwa utosini, baada ya hapo linahamia kusini mpaka mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo hicho unachokiita kivuli Desemba kitakuwa na jua kali la mchana linalogonga ukuta, na mmea wa kivuli ukiuweka hapo leo utaungua. Weka mikrotoni, inakubali kote kote, au tumia vyungu uwe unahamisha.

shamba_darini:
Mbona hakuna aliyetaja vya kula? Tangawizi na manjano vinakwenda kwenye kivuli chepesi, sio pale gizani kabisa, pembeni ambapo matawi yanaishia. Magimbi pia kama una maji ya kutosha, maji ya kuoshea vyombo hayo hayo. Iliki usidanganywe, ile ni ya Amani huko milimani Usambara, Tabata utaotesha majani tu.

mamake_junior:
Kama una watoto kaa mbali na difenbakia, ile yenye majani makubwa yana madoa meupe, inauzwa kila kona. Utomvu wake mtoto akitafuna mdomo na ulimi vinavimba. Mani planti nayo inawasha mdomoni, usiitambaze wanapochezea. Na bromelia zinatuamisha maji katikati, mbu wa dengi wanazaana humo, 2019 Dar tuliumwa tukakoma.

bint_tabata:
Jamani asanteni, hiyo ya jua kuhama sikuwahi kuifikiria kabisa, nilishapiga hesabu ya kujaza kaladiamu, yale majani ya rangi rangi ya kivulini, kichochoroni. Swali la mwisho, nina kuku wa kienyeji wanazurura humo humo uwanjani, vitapona?

mzee_wa_vitalu:
Kuku? Sasa ndio umesema. Hao sio kula majani, shida yao ni kuparua, mche mchanga hata wiki haumalizi. Zungushia wavu mpaka mizizi ishike, sneki planti ndio itangulie kwanza, manjano usipande kabisa mpaka hao kuku wawe na banda.

mamake_junior:
Au mpaka Krismasi ipite 😂