Naombeni ushauri: wino wa original bei juu, wa lita bei chee. Nichukue upi?

MamaUyole: Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Nina printa ya matangi hapa nyumbani, Epson L3250. Natoa mitihani ya tuisheni, ratiba za mazishi na picha. Chupa moja ya wino wa original nanunua elfu 30, na rangi ziko nne. Kuna wa lita nzima kwa elfu 25. Usingizi sipati. Huo wa lita unafaa? Naombeni majibu ya kweli, msinicheke.

Mzee wa Parachichi: Mwanangu, mimi niko Tukuyu. Mwaka juzi nilichukua mbolea ya bei chee gulioni, miche yangu 40 ikakauka yote. Ile mistari ya parachichi mpaka leo nikipita naangalia pembeni. Rahisi ghali, mama.

Kijana wa Mafinga: Kamwene dada. Achana na wino, tafuta printa ya leza, ile ya wino wa unga. Huku kwetu Juni asubuhi ile ya wino ilikuwa inatoa mistari mpaka jua lipande. Kitabu chake kinataka nyuzi 10 hadi 35, na chumba changu alfajiri hakifiki hapo.

Fundi Kabwe: Tupige hesabu kwanza. Chupa nyeusi ya original, namba 103, ina mililita 65, na kiwanda kinasema inafika kurasa 4,500 za maandishi. Elfu 30 gawa kwa 4,500 haifiki shilingi 7 kwa ukurasa. Picha inakunywa zaidi, sawa. Lakini rimu ya elfu 12 ina karatasi 500, yaani shilingi 24 kila karatasi. Kwenye maandishi, karatasi ndiyo inayokula hela yako. Sasa niambie, ndani ya printa saa hizi kuna wino gani?

MamaUyole: Wa original, ila ulikuwa umeshuka.

Fundi Kabwe: Ulikuwa umeshuka, ukaongeza nini?

MamaUyole: Haya, niseme. Wiki iliyopita niliongeza huo wa lita juu ya uliobaki, rangi zote nne. Akaja mama mmoja mjane na picha ya marehemu mumewe kwenye simu, nikamtolea A4. Uso ukatoka kama umepakwa majivu, midomo zambarau. Hakugomba. Aliilaza kifudifudi mezani akasema, "Huyu siye," akaondoka. Hela yake nilimrudishia. Lakini jamani, kujaribu si kosa, nina ada za watoto watatu. Na kijana wa Tunduma nimeshamtumia elfu 50, nusu ya bei ya lita nne. Yeye anasema wino ni wino, tofauti ni nembo tu.

Mtumishi: Dada, hela hiyo haitoshi. Nenda nyumbani kwa huyo mjane ukamwombe radhi ana kwa ana, ndipo urudi kwenye mambo ya mashine.

Fundi Kabwe: Lebo ya chupa imeandikwaje? Soma neno kwa neno.

MamaUyole: Sablimesheni.

Jicho la Soweto: Uzi wa kutunga huu. Mwanzo anauliza achukue upi, kumbe ameshanunua, ameshamimina, na ameagiza tena. Halafu mjane. Subirini, kesho atatokea mtu na namba ya simu anauza original.

Kijana wa Mafinga: Hata mimi hapo kwenye mjane nimeanza kuguna.

MamaUyole: Ndugu zangu, sina cha kuuza. Nilificha kwa aibu. Ukurasa wa majaribio nimeushika mkononi sasa hivi: nyeusi ina mapengo ngazi tatu za chini, bluu imekatika katikati, njano tu ndiyo nzima. Nimesafisha hedi, kile kichwa kinachotema wino, mara sita tangu asubuhi na mapengo ni yale yale.

Fundi Kabwe: Acha kusafisha! Kila ukisafisha, wino unavutwa na kumwagwa kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Kompyuta ya printa inahesabu, na hesabu ikijaa inajifunga. Wino ulionao ni wa vikombe na tisheti. Unatolewa kwenye karatasi yake maalumu, kisha unabanwa kwa joto la karibu nyuzi 200, hapo ndipo rangi inafunguka. Kwenye karatasi ya kawaida unabaki umefifia, hata ungekuwa fundi kuliko mimi. Nyonya matangi kwa bomba la sindano, jaza wino wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyuka kama ule original wako, kisha toa kurasa za rangi nzito mpaka ule wa sablimesheni uliobaki kwenye mipira ya kupitisha wino uishe. Wa lita si wote mbaya, wapo wa dai wa printa hiyo hiyo. Ila usije ukaweka wa pigimenti humo, yaani wa chembechembe, ukichanganyika na wa dai unaweza kuganda na hedi ikafa.

MamaUyole: Na elfu 50 yangu? Nikimwambia abadilishe, alete wa dai? Nikiacha kuchukua nimepoteza.

Fundi Kabwe: Mpigie leo, kabla hajapakia. Akikataa, hiyo elfu 50 iache iende. Hedi ni ghali kuliko hiyo.

MamaUyole: Nampigia. Lakini Jumatatu nina mitihani ya watoto 80, kurasa nne kila mtoto, na ada yao ya mtihani nimeshapokea.

Jicho la Soweto: Dada, nisamehe. Huo ukurasa wa majaribio hauelezwi hivyo na mtu asiyeushika. Nina leza nyumbani, nimekuandikia pembeni. Njoo Jumamosi na rimu yako, tona, huo wino wake wa unga, ni juu yangu.

Fundi Kabwe: Ukitoka hapo pitia kwangu Kabwe na hiyo printa. Usiilaze ubavu kwenye bajaji, wino utamwagika. Na ile picha ya marehemu, bado unayo?

MamaUyole: Ninayo kwenye simu. Na ile iliyoharibika bado iko hapa mezani kifudifudi, sijathubutu kuichana.

Fundi Kabwe: Njoo na simu. Tutamtolea upya.