Kikundi cha "Uani kwa Bibi": filamu ya Idd pili

ALHAMISI

Da Mwanahawa: Assalaam alaykum wanafamilia. Idd pili usiku tunakutana uani kwa Bibi kama kawaida. Mchango elfu tano kwa kila mwenye kipato. Filamu MOJA tu safari hii na tuichague leo hapahapa, sitaki watu wa kunifuata pembeni.

Da Mwanahawa: Na iwe yenye mwisho wa furaha. Nasema mapema.

Kombo: Waalaykum salaam. Mwisho wa furaha ni pilau

Da Mwanahawa: Kombo usianze.

Kauthar: Shikamooni nyote. Mimi napendekeza Hotarubi no Mori e. Katuni ya Kijapani ya 2011, dakika 44 tu, inaisha watoto hawajasinzia. Msichana wa miaka sita anapotea msituni, anakutana na kijana aliyevaa kinyago cha mbweha

Da Mwanahawa: Marahaba. Inaisha vipi?

Kauthar: Da Hawa hiyo haisemwi jamani

Da Mwanahawa: Inaisha vipi Kauthar.

Kauthar: Inaisha vizuri ila inauma

Da Mwanahawa: Basi hapana. Nani mwingine?

Mamdogo Asia: Hotaru si ndiyo ile ya vimulimuli ya mwaka juzi? Ya yule mtoto na kopo la pipi? Mimi nilisema sirudii na sirudii.

Kauthar: Hapana Mamdogo. Ile ni Hotaru no Haka, ya Takahata, ya 1988. Ile ya vita, Kobe inachomwa kwa mabomu. Hii haina bomu wala njaa. Kimulimuli kipo kwenye jina tu

Kombo: Wajapani na vimulimuli vyao. Kikiwaka tu ujue kuna mtu anaaga

Mamdogo Asia: Cheka. Nassor wangu hakulala wiki nzima baada ya ile filamu. Na mhusika hajaniomba radhi mpaka leo.

Kombo: 🙈

Da Mwanahawa: Mamdogo hilo tulilimaliza kikaoni.

Mamdogo Asia: Mlilimaliza nyinyi.

IJUMAA

Babu Juma: [picha ya mawaridi: Ijumaa Kareem]

Mjomba Idi: Amin

Mamdogo Asia: Amin baba

Kombo: Amin Babu. Shikamoo

Da Mwanahawa: Amin. Shikamoo Babu. Sasa filamu. Watu kumi na tisa humu ndani, wanaoandika ni wanne. Tiki za bluu naziona.

Kauthar: Naomba nijitetee kidogo. Huyo kijana anaitwa Gin. Si mtu kamili wala si mzimu kamili. Alitupwa msituni akiwa mchanga, mungu wa mlima akamhifadhi kwa nguvu zake asife, ila likawepo sharti: akiguswa na binadamu anatoweka. Siku ya kwanza anamtoa yule mtoto msituni kila mmoja ameshika ncha yake ya kijiti. Hotaru, ndiye yule msichana, anarudi kila likizo ya kiangazi, yeye anakua, Gin karibu habadiliki. Wanapendana hivyo hivyo, bila hata kushikana mkono. Sasa ukiwaunganisha mwishoni wakaishi raha mustarehe, lile sharti la tangu mwanzo lilikuwa la nini? Mtazamaji ataona amedanganywa

Kombo: Yaani umchumbie mtu wala usimguse. Kama yule wa Pangani aliyekaa kibarazani hapo miez

Da Mwanahawa: KOMBO. Futa.

[Ujumbe huu umefutwa]

Mjomba Idi: Huyo ni jini mahaba. Hata jina lenyewe. Idd tunakaa kuangalia mashetani?

Mamdogo Asia: Mie nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme.

Kauthar: Mjomba shikamoo. Jini mahaba wa kwetu haombi ruhusa. Anamzuia mtu asiolewe, mwisho wake ni kisomo na kafukuzwa, watu wanamshukuru Mungu. Kule kwao mambo ni mengine. Hadithi zao za zamani nyingi ndivyo zilivyo: korongo aliyekuja kuolewa anaruka zake siku mume alipomchungulia akifuma, Kaguya analelewa na wazee wawili halafu anachukuliwa kurudi mwezini. Mwenye asili ya huko anakuja kama mgeni, na wenyeji wanalia akiondoka. Gin ametoka kwenye ukoo huo

Kombo: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Mjomba Idi: 😂😂 hapo sawa

Da Mwanahawa: Naona mmeshasahau tuko kwenye nini. Mwanangu anasema kuna Inuyasha, nusu mtu nusu pepo, na mwishoni wanaoana. Iwekwe hiyo.

Kauthar: Da Hawa ile ina vipindi 193. Tutatoka pale Idd ya mwakani

Da Mwanahawa: Tuweke cha mwisho peke yake.

Mamdogo Asia: Wanaoana na kuishi wapi?

Kauthar: Kwao mwanaume. Kuna kisima cha kupitia kwenda zama za kale za vita. Kisima kilijifunga miaka mitatu, kilipofunguka yule binti, Kagome, akaenda moja kwa moja

Mamdogo Asia: Na mama yake?

Kauthar: Akabaki Tokyo. Na babu na mdogo wake pia

Mamdogo Asia: Mnaita furaha hiyo? Mama kamlea mtoto, kaja mtu wa kisimani kamchukua

Mjomba Idi: Bila posa.

Kombo: Mjomba posa angeipeleka vipi, kisima kimefungwa

Da Mwanahawa: Jamani.

Kombo: Au ile ya mvua ya 2019, Tenki no Ko. Kijana anaambiwa chagua, msichana wako au hali ya hewa. Akachagua msichana. Mvua miaka mitatu, sehemu kubwa ya Tokyo ipo chini ya maji. Wawili wana furaha, wengine mhamie ghorofani. Ingekuwa Tanga tungeanza kuzama Chumbageni

Mjomba Idi: Chumbageni mvua ya siku moja inatosha.

Da Mwanahawa: Mimi naweka simu chaji. Nikirudi nikute jibu.

JUMAMOSI

Salim (Muscat): Assalaam alaykum. Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku, nimesoma yote sasa hivi. Elfu tano yangu na ya Bibi nimetuma kwa Hawa. Wekeni Kimi no Na wa, ya 2016. Hiyo ndiyo furaha ya halali. Taki wa Tokyo na Mitsuha wa kijijini wanabadilishana miili usingizini. Kijana anaposafiri kumtafuta anakuta kile kijiji kiliangukiwa na kipande cha nyota yenye mkia miaka mitatu nyuma, na Mitsuha yumo kwenye orodha ya waliokufa. Anapambana mpaka watu wanaokolewa, na malipo yake wote wawili wanasahauliana, hata jina. Miaka inapita, wanaonana kwa dirisha treni mbili zikipishana, wanashuka kila mtu kituo chake, wanakimbia, wanakutana kwenye ngazi. Hapo wakipitana bila kusemeshana mimi ningevunja televisheni

Kombo: Televisheni ya nani? Ile unayodaiwa?

Salim (Muscat): Nenda zako. Halafu mjue aliyeitunga ni Makoto Shinkai, mtu yule yule ambaye 2007 alimaliza nyingine kwa wawili kupishana penye reli, treni zikapita katikati, zilipoisha dada hayupo. Niliiona ile mwezi wangu wa kwanza huku. Kwa hiyo zile ngazi kwangu ni deni limelipwa

Da Mwanahawa: MashaAllah Salim. Imepita. Kimi no Na wa. Nani ana projekta?

Kauthar: Haijapita Da Hawa, hamjapiga hata kura. Mimi sina ubishi na Salim, ile wamestahili kukutana, walishalipa. Nachosema Gin na Hotaru nao wamepata. Mnajua anatowekaje? Hakuna adui wala ugonjwa. Wapo kwenye sherehe ya mizimu, mtoto anajikwaa mbele yao, Gin anamdaka asianguke. Kumbe yule mtoto ni binadamu, kapenya tu. Kidole kinaanza kuyeyuka. Na hapo hapo anamfungulia Hotaru mikono, kwa sababu sasa wanaweza kukumbatiana. Mara ya kwanza na ya mwisho. Sasa niambieni hiyo ni huzuni au furaha, maana mimi kila nikiiangalia najibu tofauti

Mamdogo Asia: Mi nimelia kwa kusoma tu. Hapana.

Da Mwanahawa: Unaona. Mamdogo amelia saa nne asubuhi. Usiku itakuwaje.

Anti Zuhura: [ujumbe wa sauti 0:41]

Salim (Muscat): Sauti hazifunguki huku, bando limeisha. Nani anaongea?

Da Mwanahawa: Ni Bibi, kwa simu ya Anti Zuhura. Nakuandikia. Anasema: "Nimesomewa hayo mnayoandika, tangu ya jana. Na yaliyofutwa nimesomewa. Nina swali. Huyo aliyeweka sharti wasigusane, mwisho wa hadithi yuko wapi? Analia pamoja nao, au hayupo?"

Kauthar: Shikamoo Bibi. Hayupo. Anatajwa tu, haonekani hata mara moja

Anti Zuhura: [ujumbe wa sauti 0:09]

Da Mwanahawa: "Aliliweka kwa ubaya?"

Kauthar: Hapana Bibi. Alimhurumia. Mtoto angekufa pale msituni

Anti Zuhura: [ujumbe wa sauti 0:22]

Salim (Muscat): Anasemaje?

Salim (Muscat): Hawa?

Da Mwanahawa: Anasema "Ehee. Sote tunaoweka masharti tunasema tumehurumia. Wekeni hiyo. Kiti changu kiwe mbele."

Mjomba Idi: [Ujumbe huu umefutwa]

Mamdogo Asia: Mama, mambo ya Pangani yalishapita. Hakuna aliyekulaumu.

Mamdogo Asia: Zuhura mwambie Mama nampigia.

Da Mwanahawa: Basi Bibi amesema. Lakini ili kila mtu aridhike tunaweka zote mbili: kwanza ya Kauthar, halafu ya Salim, tufunge kwa furaha. Ya pili ni saa moja na dakika arobaini na kitu, wakianza baada ya isha wanamaliza.

Salim (Muscat): Usifanye hivyo. Ukiweka ile ya ngazi juu ya machozi ya Gin itaonekana ya kubembeleza watu, na si ya kubembeleza

Kauthar: Na mimi nakataa. Watu waende kulala na Gin

Da Mwanahawa: Watoto je? Mimi nafikiria watoto. Maandishi ya chini ni Kiingereza, hawasomi.

Kombo: Natafsiri mimi, kipaza sauti ninacho. Ikifika mwisho nitasema Gin amesafiri, anarudi Idd ijayo. Kila mtu anakula pilau yake kwa amani

Mamdogo Asia: Hutatafsiri wewe.

Kombo: Mamdogo natania

Mamdogo Asia: Hutanii. Mwaka juzi ulishika hicho hicho kipaza sauti ukamwambia mtoto wangu yule binti wa pipi amelala tu, amechoka. Mimi sikukasirika kwa sababu filamu ilikuwa ya huzuni. Alikuwa anakataa kufumba macho, Kombo. Anauliza "nikilala nitaamka?" Kwa sababu alimwona yule hakuamka, na wewe ulisema kalala. Ungesema amekufa angelia siku moja.

Salim (Muscat): Hili sikulijua

Da Mwanahawa: Hata mimi. Kikaoni ulisema filamu mbaya.

Mamdogo Asia: Kikaoni mlinipa dakika mbili.

Kombo: Mamdogo nisamehe. Kweli. Nilidhani namlinda

Mamdogo Asia: Najua ulidhani.

Kombo: Kauthar atafsiri. Mimi nakaa kwenye spika

Kauthar: Nitatafsiri, lakini kama ilivyo. Akitoweka nitasema ametoweka

Mamdogo Asia: Hivyo sawa. Nassor nitamkalisha mapajani.

Da Mwanahawa: Kwa hiyo Mamdogo umekubali?

Mamdogo Asia: Nimesema nitamkalisha mapajani. Sijasema nimekubali.

Anti Zuhura: Shuka jeupe kubwa lipo. Mchango wangu nimetuma.

Anti Zuhura: Na mimi nataka ya Kauthar, ile moja. Nyingine mwekeeni Salim akija.

Salim (Muscat): Sawa Anti 🙏

JUMAPILI

Da Mwanahawa: Muhtasari, maana naona kimya. Filamu: ya Kauthar, ISIPOKUWA kama watoto wanalia sana tunaingiza ya Salim. Projekta: ya madrasa, Mjomba Idi anaomba. Mchango: Salim, Bibi, Anti Zuhura. Wengine kumi na sita mnasubiri nini?

Mjomba Idi: Ustadhi ameuliza tunaonyesha nini.

Kombo: Mwambie masuala ya mazingira. Msitu, mlima, uoto wa asili

Mjomba Idi: Mimi simdanganyi ustadhi. Hajakataa, kasema atafikiri.

Da Mwanahawa: Atafikiri mpaka lini? Idd ni Jumatano au Alhamisi.

Mjomba Idi: Mwezi nao haujaonekana.

Kauthar: Kuna rafiki yangu Dodoma ana projekta ndogo, ila picha hafifu, mpaka giza liwe totoro. Nije nayo?

Da Mwanahawa: Njoo nayo. Hapana, subiri ustadhi. Njoo nayo tu. Umeme ukikatika je, mafuta ya jenereta nani?

Da Mwanahawa: Nimeuliza mafuta.

Kombo: Anaandika... anaandika... ameacha kuandika

Babu Juma: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndiyo kwanza nafungua simu. Gin ni mtoto wa nani, na maziko ni saa ngapi?

Da Mwanahawa: Shikamoo Babu. Nakupigia sasa hivi.