Baba Juma yuko "high"

Mama Juma: Jamani mlio macho nisaidieni, juma karudi na daftari la kingereza limejaa peni nyekundu, kaandika "my father is high" ticha kamkosesha na kachora alama ya kuuliza kuubwa

Seif: 😂😂😂 kaka kumbe hata mtoto kashajua

Baba Juma: We seif ntakutoa humu, sijawahi kuvuta hata sigara

Shangazi Mwana: Utani baadae. Mtu akiwa high kwa kingereza ni kalewa bangi, ndo maana ya hiyo alama ya kuuliza. Mtoto kaletewa shida na kiswahili, sisi -refu letu moja linabeba kila kitu, mtu mrefu kamba ndefu kisima kirefu mlima mrefu, wenzetu kamba ni long, kisima deep, mtu ndo tall

Mama Juma: Na high inakaa wapi wifi maana kasema dikshenari imeandika mrefu

Shangazi Mwana: High ni kitu kilichoko juu, au kinachokwenda juu huku kimetanuka kama mlima. Chukua mnazi wa hapo kwa bibi, mnazi wenyewe ni tall, umesimama mwembamba toka chini mpaka kileleni, ila nazi zake ziko high. Kilimanjaro na mita zake 5,895 wanasema high. Kwa ghorofa maneno yote mawili yanapita ila tall ndo wanapenda

Seif: Twiga?

Shangazi Mwana: Tall

Seif: Twiga akiwa kwenye ndege?

Shangazi Mwana: Tall yuko high. Haya kalale

Chidi: Shangazi me wa futi 5 na inchi 2 naandika short si ndio

Shangazi Mwana: Hapo ndo patamu, ukitaja kipimo ni tall tu hata uwe mfupi vipi, "I am five feet two inches tall", mtoto wa chekechea mwenye sentimita 100 nae ni tall kwenye kipimo. Kichanga ndo wanasema long, anapimwa kalala

Chidi: Subiri nipige skrinshoti nimtumie wife SASA HIVI 🙌

Seif: Ulale kwanza akupime, utakuwa long 😂

Baba Juma: Mama juma mwambie afute aandike tall, na huyo ticha ajue sivuti

Mama Juma: Kashafuta. Ila anauliza akiandika tall si atakoseshwa tena, ticha anamjua baba yake 🤭